Kabla hamjampelekea muuza karanga vitabu vya marehemu

Arobaini ikishapita, kabati linafunguliwa. Nguo zinagawiwa, redio inagombewa, vitabu vinafungwa kamba vikapimwe kwa kilo. Wiki inayofuata mtaa mzima unakula karanga ndani ya kurasa za mtu. Hongereni, chumba kimepata nafasi.

Hivi kuna aliyefunua majalada kwanza? Tarehe za kuzaliwa watoto, ndoa na vifo ziliandikwa huko, kwenye karatasi tupu za mwanzo wa msahafu au Biblia, na kwa watoto waliozaliwa nyumbani pengine ndiyo kumbukumbu pekee iliyopo. Msahafu ukichakaa unazikwa au unachomwa kwa heshima, na ndivyo inavyopasa. Ila tarehe nazo zinakwenda. Inukuu karatasi hiyo kwa mkono, herufi kwa herufi, makosa yake yakiwemo, kisha ipige picha mchana karibu na dirisha bila flashi ya simu. Ndipo mzike.

Kitabu kilichoandikwa pembeni kwa penseli, “uongo mtupu!”, kina thamani kwa wajukuu kuliko nakala safi ya dukani. Barua vilevile. Shaaban Robert tunamjua kama kaka, mwenye shida na ushauri wake, kwa sababu mdogo wake Yusuf Ulenge alizitunza barua alizoandikiwa kati ya 1931 na 1958. Angezipima kwa kilo, tungebaki na mshairi wa mtihani tu.

Sasa hasira yangu yenyewe: laminesheni. Nani aliwadanganya kwamba kupitisha cheti cha ndoa cha bibi kwenye ile mashine ni kukitunza? Ile ni plastiki na gundi inayoyeyushwa kwa joto, ikishashika haibanduki bila kuchana karatasi. Unyevu uliokuwa ndani unafungiwa humo humo. Picha ya zamani inaweza kuharibika pale pale mashineni, na risiti ya mashine, ile inayochapwa kwa joto, inatoka nyeusi tititi. Solotepu ni binamu yake: baada ya miaka gundi inageuka kahawia, inapenya karatasi, na utepe wenyewe unadondoka. Karatasi iliyochanika iache ilivyo, ilaze bila kuikunja kwenye bahasha ya karatasi. Ukilazimika kutumia mfuko wa plastiki, epuka ule laini unaonuka kama kapeti jipya, maana hunata na wino.

Picha nazo hazihitaji sanduku la dhahabu. Zinahitaji majina. Penseli laini, 2B, nyuma, ukingoni, picha ikiwa imelazwa kwenye meza ngumu, mkono mwepesi. Biki inachimba hadi usoni kwa mtu, na wino wake unahamia kwenye picha iliyo chini. Zile picha za rangi zenye mgongo wa plastiki hazishiki penseli, kwa hiyo andika kikaratasi ukiweke nayo bahashani. Na msiandike “Mama na shangazi”. Mama wa nani? Andika majina matatu, jina la utani, mtaa, mwaka, na kama mwaka haujulikani, andika “kabla ya harusi ya fulani”. Aliyesimama kushoto ahesabiwe kuanzia kushoto kwa mtazamaji.

Pwani adui ni unyevu. Ukungu hustawi hewa ikizidi unyevu wa asilimia 65 hivi, nasi tunaishi juu ya hapo miezi mingi. Kwa hiyo rafu iachane na ukuta kwa vidole vinne, na kitabu kisikae sakafuni, mchwa hawabishi hodi. Kitabu kilicholowa kisimamishwe wima, kurasa zikitanuliwa kidogo mbele ya feni, si juani. Jua linakausha upesi, ndiyo, na linapindisha jalada na kufifisha wino upesi vilevile.

Nakala za simu? Haya, zina faida, nakubali. Lakini picha iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshabanwa, kwa hiyo itume kama faili. Skani barua kwa dpi 300 (yaani nukta 300 kwa kila inchi), picha ndogo kwa dpi 600. Weka nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine, na faili liitwe 1974-tanga-harusi, si IMG_0043. Simu yenye nywila aliyokufa nayo mwenyewe ni tofali.

Si kila karatasi ni urithi. Bili za umeme za 2009 chomeni.

Wazee walio hai warekodini wiki hii. Simu ilazwe juu ya khanga iliyokunjwa, umbali wa mkono mmoja, mtandao umezimwa, na anza kwa kutaja tarehe, mahali na jina. Usiseme “tueleze maisha yako, babu”, utapata dakika mbili za hotuba. Muulize siku alipohama kijijini alibeba nini. Na zima feni: kwenye rekodi inavuma kuliko babu.