Mwenye Probox Hana Udhuru

Watu walionunua magari yaliyokwisha kutumika hulalamika kwamba magari yao yanaharibika, na jamii huwasikiliza kwa huruma. Malalamiko yangu ni kinyume cha hayo, ndiyo maana sipati wa kunisikiliza: gari langu haliharibiki. Ninamiliki Toyota Probox nyeupe, lile gari dogo lenye mgongo mrefu na buti linalomeza kila kitu, na tangu lilipoingia uani kwangu hapa Buhongwa, jijini Mwanza, sijapata nafasi ya kusimama mbele ya ndugu zangu na kutamka maneno ambayo kila mwenye gari anayejiheshimu huyatamka angalau mara moja kwa mwezi, yaani, "Samahani sana, gari liko gereji."

Jirani yangu ana gari la kifahari, ambalo jina lake nitalihifadhi, lenye viti vya ngozi na taa ya injini isiyozimika, na kwa sababu ya taa hiyo anaishi kama sultani. Likitokea jambo la mtaa, wajumbe huanza kwake kwa heshima. Yeye hufungua mlango, huwaonyesha ile taa ya njano, nao hutikisa vichwa, humpa pole, kisha huvuka uchochoro na kuja kugonga geti langu. Mimi hawanipi pole wala hawaulizi kama nina nafasi. Huuliza kama viti vya nyuma vimeshakunjwa.

Ukilichunguza vizuri, utaona kwamba gari hili halikukusudiwa kabisa kuwa na mashemeji. Lilipoanza kuuzwa Japani mwaka 2002 lililenga makampuni, ili ofisa mauzo avae tai yake, apakie sampuli zake nyuma, azungukie wateja na kurudi jioni bila kugombana na mtu. Ndiyo maana kwenye dashibodi kuna kimeza cha kuvuta, ambacho ofisa huyo huwekea chakula chake cha mchana au makaratasi yake. Kwangu mimi, kimeza hicho kimekuwa kaunta ya shemeji yangu, ambaye hununua dagaa pale Mwaloni Kirumba. Hukivuta kabla hata hajafunga mlango, hupanga juu yake noti kwa thamani yake, za elfu kumi huku na za elfu mbili kule, hulamba kidole, huhesabu, hupotewa na hesabu tukiruka tuta, kisha hunitazama kana kwamba tuta hilo nimelimwaga mimi. Noti hizo zote, pamoja na kulambwa kwa uangalifu kiasi hicho, hakuna hata moja iliyowahi kuelekea kwenye tangi la petroli. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wanapotangaza bei kikomo za mafuta, mimi humsomea tangazo hilo kwa sauti, nikitua kidogo nifikapo kwenye bei ya petroli kwa Mwanza. Shemeji husikiliza kwa makini, husema kwamba kweli maisha yamepanda, kisha huuliza kama gunia moja zaidi litaenea.

Nimejaribu kumweleza kwamba gari la aina hii limeundwa kubeba mzigo wa kilo 400, tena likiwa na watu wawili tu mbele. Amenijibu kwamba hizo ni kilo za Kijapani. Amenifahamisha vilevile, kwa sauti ya mtu anayetoa msaada, kwamba likiwa tupu hurukaruka barabarani, kwa hiyo magunia yake ndiyo yanayolituliza, na laiti ningekuwa mtu wa shukrani ningekuwa ninamlipa yeye.

Labda mtu atasema ningoje tu, kwani hakuna gari la mtumba lisilougua. Huugua, lakini kwa muda mfupi usiotosha kujengea uongo. Injini yake ni ile 1NZ ya cc 1500, ambayo imo pia katika Fielder na katika baadhi ya IST na Vitz, na hayo ndiyo magari yaliyojaa mjini, kwa hiyo spea zake zinapatikana kila kona kama vocha. Kuna asubuhi moja liligoma kuwaka, nami nikajawa na furaha ambayo haikustahili kuonekana usoni mwa mtu mzima. Nikamwita fundi kwa ajili ya kutimiza wajibu, kisha nikatoka nje ya geti nikiwa na simu mkononi ili niwaarifu ndugu, mmoja baada ya mwingine, kwamba hali ni mbaya na huenda ikachukua wiki. Nilikuwa bado ninasalimiana na wa kwanza, tena tuko kwenye habari za watoto, niliposikia injini inanguruma uani. Ilikuwa ni waya wa betri uliolegea. Fundi alifunga boneti, akajifuta mikono na kunipongeza. Yule ndugu kwenye simu aliusikia mngurumo, akauliza kama ndiyo ninakuja.

Ndani ya gari hilo kuna sauti moja tu iliyo upande wangu, nayo ni ya mwanamke wa Kijapani ambaye kila nikiwasha injini hutamka sentensi moja ndefu yenye adabu. Nimeelezwa kwamba ni kifaa cha kulipia barabara za kule kwao, na kwamba anakumbusha kuwa kadi haijachomekwa. Angalau huyu anafahamu kwamba safari hulipiwa. Mama mkwe wangu, ambaye huketi kiti cha mbele kwa haki ya cheo chake, anaamini kwamba anaamkiwa, na kila asubuhi humwitikia, "Marahaba, mwanangu." Redio nayo ni ya hukohuko, masafa yake yanaanzia 76 na kuishia 90, ilhali stesheni nyingi za kwetu ziko juu ya hapo, na kwa hiyo siwezi hata kufungulia muziki ili nisisikie safari nyingine zinavyopangwa nyuma ya kisogo changu.

Nilikuwa nimebakiwa na udhuru mmoja wa maana, nao ulikuwa kivuko cha Kigongo. Mjomba wangu anaishi Sengerema, na kila alipohitaji mahindi yake yahamishwe nilimweleza kwa masikitiko habari za foleni ya kivuko, jua la Kigongo na saa za kungoja, naye alikuwa ananielewa kabisa kwa kuwa foleni hiyo alikuwa anaijua. Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi likazinduliwa, lenye urefu wa kilomita 3, na nchi nzima ikashangilia. Nami nilishangilia kama mzalendo. Simu yangu iliita kabla sherehe hazijaisha kwenye televisheni, na mjomba hakupoteza muda kwa salamu: "Mpwa wangu, daraja si hilo? Kuna lipi tena?" Nilitafuta la kujibu, nikakuta ziwa zima limeshavukwa.

Cheo cha gari hili katika shughuli nacho kinahitaji kutazamwa. Kwenye harusi, lile gari la jirani hupona ghafla, huvishwa maua na kumbeba bibi harusi, wakati langu hufuata mwisho wa msafara likiwa na masufuria, mkaa na mpishi aliyenuna. Katika picha za harusi zote tulizohudhuria, Probox yangu inaonekana mara moja tu, tena ni kioo cha pembeni. Kwenye misiba ndipo linapokumbukwa kwa upendo, maana turubai, viti na ndizi za waombolezaji havijipeleki. Juzijuzi nilimkuta mzee mmoja wa kamati ya mazishi ameingia nusu mwili kwenye buti akiwa na futi kamba, akipima kutoka mgongo wa kiti cha mbele hadi mlangoni. Nilisimama nikamngoja. Alitoka kinyumenyume, akaandika tarakimu kiganjani, akawageukia wenzake na kutangaza kwa faraja kubwa kwamba marehemu hakuwa mrefu.

Nikiwa barabarani peke yangu pia sina amani, kwa sababu huku Kanda ya Ziwa Probox nyingi hubeba abiria kwa jina la michomoko, na mwananchi aliyechoka kungoja hatofautishi mchomoko na gari la mtu. Nikipunguza mwendo pale Usagara, milango hufunguliwa kabla sijasimama. Mama mmoja aliingia na kuku wawili, akaniambia nimshushe penye mwembe, na nilipomweleza kwamba gari hili ni la binafsi alinijibu kwamba hata lile la jana lilikuwa la binafsi.

Siku nyingine tulikuwa tunakwenda Misungwi, mimi, mke wangu, mama mkwe, dada yake na shemeji wa dagaa, watu watano katika gari la watu watano, wote tumefunga mikanda. Askari wa usalama barabarani akatusimamisha na kuniuliza kibali cha kubeba abiria kiko wapi. Nikasema hii ni familia. Akatabasamu kwa upole na kusema kwamba kila mwenye Probox ana familia, tena kila siku familia mpya. Akazunguka upande wa pili, akainama dirishani kwa mama mkwe na kumwambia, "Shikamoo mama, umelipa shilingi ngapi?"

"Marahaba, mwanangu," akajibu mama mkwe. "Bado sijalipa. Huwa tunalipana tukifika."

Alikuwa anamaanisha ile michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ambayo hunifungia kwenye mfuko kila safari inapokwisha, na ilituchukua muda mrefu sana pembeni mwa barabara kulifafanua jambo hilo, huku shemeji akiwa amekivuta kimeza chake na kuanza kuhesabu noti mbele ya askari.

Hatimaye niliamua kuliuza. Nilimwita dalali, akaja, akaligonga gonga ubavuni, akasema wateja wa Probox hawalali na kwamba kufikia jioni atakuwa na mtu. Jioni hiyo mtu hakufika. Walifika mjomba kutoka Sengerema, shemeji, mzee wa futi kamba na mama mkwe, ambao walikwisha kukaa kikao bila mimi na walikuja kunisomea maazimio. Azimio la kwanza lilisema gari la ukoo haliuzwi kiholela. La pili lilisema buti limekuwa dogo, kwa hiyo inunuliwe keria ya juu. Michango imeshapangwa, na kiasi kikubwa kuliko vyote kimeandikwa mbele ya jina langu, kwa maelezo kwamba mimi ndiye mwenye gari.