Mchina Hakuiua Hariri ya Como

Ikitajwa Ratti, kampuni ya vitambaa vya hariri ya mji wa Como, Italia, hakosi mtu wa kudakia kwamba Mchina ndiye kaua hariri ya Como. Haya. Na uzi wenyewe watu wa Como walikuwa wakiununua wapi? China hiyohiyo, miaka nenda miaka rudi. Antonio Ratti alipoianzisha kampuni mwaka 1945 hakuanza na kufuga viwavi wa hariri, alianza na michoro.

Ufundi wa Como huanza uzi ukishafika. Hariri mbichi ina gundi yake ya asili, karibu robo ya uzito, nayo hutolewa kwa maji ya sabuni yenye joto la nyuzi 90 hivi. Ukiyaacha yatokote kwa fujo, nyuzi husuguana na kitambaa kinaota vinyweleo. Gundi ikibaki, rangi inashika mabakamabaka. Kisha uchapaji: kila rangi na fremu yake, yenye wavu wa kupitishia rangi hiyo kwenye kitambaa. Skafu ya rangi 30 inataka fremu 30, na moja ikisogea milimita tu, ua linatoka nje ya mstari wake kama kwenye kanga ya bei ya kutupa. Halafu mvuke wa kushikisha rangi. Ukiwa mkavu, rangi haishiki, inaondoka na maji ya kwanza. Ukiwa na unyevu mwingi, inachuruzika.

Fremu hizo ndizo zilizowalinda wakubwa wa Como kama Ratti. Nani angeingia gharama ya fremu 30 kwa oda ya mita 20? Mwenye kiwanda kikubwa na wateja wa kudumu, basi. Zikaja mashine za kuchapa kwa wino, mchoro unatoka kwenye kompyuta, fremu hata moja haihitajiki, hata mwenye kiwanda kidogo akaweza kuchapa oda ndogo. Na nani alikuwa miongoni mwa waliozitengeneza? Robustelli, wa Como hapohapo, akishirikiana na Epson. Mashine yao, Monna Lisa, ilitoka mwaka 2003. Mchina anahusikaje hapo?

Sawa, vitambaa vya China vya bei nafuu viliwabana, sikatai. Na wanaume wameacha tai za hariri.

Ratti iliingia soko la hisa la Milano mwaka 1989, Antonio akafariki mwaka 2002, na mwaka 2010 Marzotto wakashika usukani. Ukoo wa sufu, jamani, kuja kuwaokoa watu wa hariri! Kiwanda cha Ratti cha Guanzate, karibu na Como, bado kinachapa. Ila kazi yake kubwa tangu zamani ni kuzichapia nyumba za mitindo, na skafu ikifika dukani lebo ni ya nyumba ya mitindo, bei anapanga mwenye lebo. Ratti anabaki na ankara yake ya mita kadhaa za kitambaa.