Zana ni zilezile, mhadhiri wetu ndiye aliyeachwa peke yake

Mdogo wangu ni mwalimu wa sekondari huko Mlalo, Lushoto, na anasoma shahada ya pili kwa masafa. Mwaka jana alinipigia alfajiri ya kwao, mimi huku Ottawa ndiyo kwanza najiandaa kulala. "Kaka, nimekesha nashusha mhadhara. Bando la usiku limeisha, faili halijafika hata nusu."

Nikamwambia anitumie kiungo. Kilikuwa video ya saa moja na ushee, karibu GB 1. Kwenye kona uso wa mhadhiri, katikati slaidi kumi na nne, basi. Muda wote uliobaki ni sauti yake tu, na anaeleza vizuri kweli. Nilisikiliza mpaka mwisho ingawa somo si langu.

Mimi kazi yangu ni hiyohiyo: niko kwenye kitengo cha chuo kimoja hapa kinachowasaidia wahadhiri kuandaa masomo ya mtandaoni. Nikienda likizo, swali la kwanza ninaloulizwa na wenzangu wa vyuoni ni, "Huko mnatumia programu gani?" Wanategemea nitaje kitu ambacho hawajawahi kukisikia. Nawajibu: Moodle, programu ya kuwekea masomo, kazi na majaribio mtandaoni. Ileile aliyoibuni Martin Dougiamas kule Perth, Australia, ikatoka mwaka 2002, ya bure, na vyuo vyetu kadhaa vinayo. Darasa la moja kwa moja tunatumia BigBlueButton, nayo bure. Ilizaliwa hapahapa Ottawa, Chuo Kikuu cha Carleton, mwaka 2007. Chuo chochote cha nyumbani chenye seva kinaweza kuiweka.

Tofauti iko kwingine. Hapa mhadhiri akipangiwa somo la masafa, tunakaa naye wiki kadhaa kabla muhula haujafunguliwa. Swali langu la kwanza kwake huwa moja: mwanafunzi wako mwenye mtandao mbovu kuliko wote yuko wapi? Mara nyingi jibu ni Nunavut, kaskazini kabisa kwa Wainuit, ambako intaneti hutegemea setilaiti na huyumba hali ya hewa ikichafuka. Basi somo zima tunalipima kwa huyo. Kama yeye hawezi kulifungua, halijawa tayari, hata liwe zuri namna gani kwenye kompyuta ya ofisini kwangu.

Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu sisi tulilijua mapema. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, enzi za vitini na vituo vya mikoani, na mpango mzima ulianzia kwa mtu aliye mbali na mhadhiri. Tulipohamia mtandaoni, vyuo vingi vimeanza kumpima mwanafunzi kwa mtandao wa pale utawala.

Na mhadhiri tumemwacha. Anapewa semina ya siku mbili, cheti, kisha anarudi kwenye wanafunzi mia tatu na kijana mmoja wa TEHAMA ambaye pia ndiye mtengenezaji wa printa za kitivo kizima. Niliwahi kuingia kwenye studio ya chuo kimoja nyumbani: kamera nzuri, taa, kuta zimefunikwa vizuri zisirudishe mwangwi. Mlango una kufuli, maana aliyejua kuitumia alihama kazi, na nafasi yake haikutangazwa.

Julai niliomba nikutane na yule mhadhiri wa mdogo wangu. Alinikubalia alasiri mbili, ofisini kwake Dar es Salaam, feni ikipiga kelele juu yetu. Tuliitoa sauti kwenye ile video, tukaisafisha kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, tukaikata vipande saba kufuata slaidi zake. Ukihifadhi sauti ya mtu anayezungumza kwa kilobiti 32 kwa sekunde, saa nzima ni kama MB 14. Slaidi tulizigeuza PDF. Kisha tukafungua mpangilio wa jaribio lake kwenye Moodle, nikamwonyesha pale pa kuruhusu mwanafunzi afanye maswali kwenye programu ya simu bila mtandao, majibu yaende baadaye akipata mtandao. Pasipowekwa alama na mhadhiri mwenyewe, pamefungwa. Akaniangalia. "Kumbe hii ilikuwepo?" Ilikuwepo miaka yote hiyo, na hakuna aliyekaa naye kumwonyesha.

Najua wapo watakaosema WhatsApp inatosha, na naelewa wanakotoka. Kwa wengi bando la WhatsApp ndilo wanaloliweza. Lakini yule mhadhiri alinionyesha grupu lake. Swali moja limeulizwa mara zisizohesabika, lingine saa sita ya usiku, kazi za wanafunzi zimezama chini ya salamu na matangazo ya misiba, na yeye anaandika kwenye daftari nani amewasilisha na nani bado. Kwa kuwaita watu darasani grupu linafaa. Ukiligeuza kuwa darasa lenyewe, unambebesha mhadhiri mzigo ambao programu ingeubeba.

Wengine husema Kanada wana hela. Wanazo, na mshahara wangu ni sehemu ya hizo hela. Ila vyuo vyetu navyo hupata fedha za vifaa. Kinachokosekana kwenye bajeti ni mtu. Kila kitivo kikiajiri mmoja wa kukaa na wahadhiri, ambaye hagusi printa, vile vilivyokwisha kununuliwa vitaanza kufanya kazi.

Septemba mdogo wangu alinitumia ujumbe wa sauti, anahema. "Kaka, kipande cha tatu nimekisikiliza napanda kilima kwenda shule. Cha nne nimekirudia mara mbili, sasa nimeelewa. Mpaka cha sita ninavyo, ila cha saba sikioni."

Nilimuuliza mhadhiri. Kipande cha saba kilikuwa bado kwenye laptopu yake. Alikuwa na mitihani ya kusahihisha, na hakukuwa na mwingine wa kukipandisha.