1991 Sio Mwaka wa Nirvana Peke Yao

Ukigusa tu habari za roki ya 1991 utakutana na stori ileile, bendi ya Nirvana wametoa albamu yao Nevermind tarehe 24 Septemba basi roki ya zamani ikafa palepale. Mi hii stori siikubali kabisa. Wikendi iliyopita nimejifungia nasikiliza albamu za mwaka ule moja baada ya nyingine na yaani utajiri wake unashangaza, Metallica wanatoa ile albamu yao nyeusi Agosti, mwezi huohuo Pearl Jam nao na Ten, Septemba Guns N' Roses wanashusha albamu mbili kwa mpigo na Marekani zikashika namba moja na namba mbili, Red Hot Chili Peppers nao wanatoa ya kwao siku ileile ya Nevermind. Sasa roki gani hapo imekufa? Nirvana nawapenda sana, lile gitaa la mwanzo wa Nevermind bado linanisisimua mwili, ila mwaka haukuwa wao peke yao.

Kwangu 1991 ni ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Na sio kwa sababu kazaliwa kwetu Zanzibar, hapana, ni ile kazi aliyoifanya huku anaumwa. Tafuta video ya wimbo wao These Are the Days of Our Lives, waliishuti Mei mwaka ule, wakaitoa nyeusi na nyeupe ili watu wasione alivyodhoofika. Kavaa kizibao kimechorwa paka wake, kasimama palepale hasogei, yeye aliyekuwa analimaliza jukwaa zima la Wembley kwa mbio, sasa hivi mikono tu ndo inaongea. Mwisho anaitazama kamera, anatabasamu, ananong'ona kwamba bado anatupenda. Hicho kipande nimekirudia kama mara sita na kila mara koo linanikaba.

Tarehe 23 Novemba ikatoka taarifa yake kuwa ana ukimwi, kesho yake akafariki, miaka 45 tu. Wapo wanaomlaumu eti alificha. Mi simlaumu hata kidogo, mapaparazi walikuwa wamepiga kambi mlangoni kwake London, mtu anakufa na bado wanamvizia dirishani! Na huku kwetu kwani tulikuwa na huruma zaidi? Mtu akikonda tu mtaa mzima unanong'ona kakanyaga miwaya, hata kikombe alichonywea chai kinatengwa.

Ndo maana nikimkumbuka Freddie namkumbuka na Philly Lutaaya wa Uganda, mwanamuziki mkubwa, ambaye 1989, miaka miwili kabla, alisimama hadharani akasema ana ukimwi, akazunguka mashuleni na makanisani anaongea na vijana huku nguvu zinamwisha, akafariki Desemba mwaka huohuo. Ule ujasiri sijui aliutoa wapi. Kwenye zile listi za muziki wa kipindi kile humkuti, na inaniuma kweli. Mi wimbo wake Alone and Frightened nimeshauweka kwenye listi yangu, unafuata tu baada ya ule wa Freddie.