Filamu za kilokole zina ugomvi gani na sisi waume?

Jamani hivi hawa watengeneza filamu za kilokole tuliwakosea nini sisi waume? Maana nimezikalia sana hizo filamu, sio kwa kupenda, rimoti Jumapili mchana ina mwenyewe na mwenyewe sio mimi, na kila nikikaa namkuta mkosaji ni yule yule, baba. Mama anaomba, watoto wananyong'onyea, mzee wa kanisa anatoa mstari, baba kazi yake kutubu tu. Mimi nimeokoka, zaka natoa (mwezi ukikaa vizuri), nyumba ndogo sina, lakini filamu ikiisha napigwa jicho utadhani mle ndani nilicheza mimi.

Chukua War Room, ile ya 2015 ya ndugu wawili akina Kendrick, iliyoingiza zaidi ya dola milioni 60 huko kwao Marekani. Kuna bibi mmoja mle, Miss Clara, kijichumba chake cha nguo kakigeuza cha maombi, karatasi zimebandikwa ukutani, halafu anamfundisha dada mwenye ndoa inayoyumba afanye vile vile. Sasa wenzetu nguo zina chumba chake, sisi tumepanga, na kabati lenyewe mlango mmoja unashikiliwa na kamba ya mpira. Mama watoto wala hakujali. Asubuhi nafungua natafuta soksi, nakutana na karatasi ya daftari la hesabu imebandikwa kwa selotepu mlangoni kwa ndani, peni nyekundu: BABA – hasira. Simu usiku. Kukoroma. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, "shemeji apate kazi". Yaani kukoroma nako kumeingizwa kwenye vita vya kiroho, na mdogo wake ambaye mpaka leo anakula kwangu na kulala kochini kwangu kapewa kamstari kamoja!

Na sio hilo tu. Kuna sehemu mume yuko mgahawani na mwanamke mwingine, mambo yanaanza kunoga, mke yuko kabatini anapiga maombi, mara tumbo la mume hilooo, mbio chooni. Akina mama walivyoiona hiyo wakapigiana simu mtaa mzima. Tangu hapo mimi siruhusiwi kuumwa tumbo. Juzi nimekula chipsi mayai stendi, mafuta yenyewe meusi yale ya tangu asubuhi, nimefika nyumbani nimejishika, nategemea angalau nichemshiwe tangawizi, mtu ananiangalia anatabasamu.

"Baba, ulikuwa wapi?"

"Mbagala."

"Na nani?"

Na chipsi, mama watoto! Nilikuwa na chipsi!

Halafu mwisho wa filamu jamaa anamkanda mkewe miguu huku mke anakula aiskrimu. Hapo nikapigwa kiwiko cha mbavu. Aiskrimu nitanunua, ya baiskeli inayopita hapa inalia kengele, ila miguu tungojee kwanza Mungu aseme nami.

Bado hujaja kwenye Fireproof ya 2008. Kaka wa zimamoto ndoa imemfia mkononi, baba yake anampa daftari la siku 40, kila siku ana la kumfanyia mke. Siku ya kwanza usitamke neno baya. Ya kwanza tu hiyo! Wewe umeme umekatika, maji hayajatoka tangu juzi, bodaboda anakupigia honi getini, na neno baya usitoe. Mbele jamaa anaona kompyuta inamtia majaribuni na picha chafu, anaibeba mpaka nje anaiponda kwa rungu la besiboli. Hapo nilisimama kabisa. Ndugu yangu, uza! Tubu, futa kila kitu, uza! Halafu dola 24,000 alizokuwa anadunduliza anunue boti anazitoa zote kununulia vifaa vya mama mkwe mgonjwa, na kule sebuleni kwangu kuna mtu akavuta pumzi ndefu akiniangalia. Mimi hata nauli ya boti ya kwenda Zanzibar huwa naikopa.

Ila pale kwenye busu la mwisho nawavulia kofia. Kirk Cameron, yule mwigizaji mwenyewe, alishasema habusu mwanamke mwingine zaidi ya mkewe, basi wakamleta mke wake wa ndoa, wakamvalisha nguo za yule dada wa kwenye filamu, wakawapiga picha kwenye giza zikaonekana kivuli tu. Bongo Muvi huku hilo ukilisema lokesheni utaulizwa umekula nini.

Kinachonichosha kingine ni kwamba mle ndani Mungu anajibu haraka mno. Facing the Giants, kocha ana timu inayofungwa kila siku, gari bovu, mtoto hapati. Kaanza kusali, ndani ya saa mbili hazijafika kapewa pikapu mpya, timu imebeba ubingwa, mke ana mimba. Ayubu wa kwenye Biblia alirudishiwa mali zake sura ya 42, hawa wanamrudishia sura ya 3! Mimi nataka filamu ambayo mtu anaomba Jumapili, Jumatatu gari halijawaka, na Jumapili nyingine yupo tu kanisani na daladala. Hiyo hata rimoti nitawaachia kwa hiari.

Za Wanaijeria wa Mount Zion siziongelei sana. Za kwao mganga anacheka, moshi unafuka, macho mekundu, na usiku watoto wote wanahamia kitandani kwetu, mimi nalala na shemeji kochini.

Sasa kijana wa kibanda cha muvi keshamjazia mama watoto flashi nyingine, Courageous ya 2011, mapolisi wanaapa kuwa baba bora, wanavaa suti, wanasaini kabisa karatasi inawekwa kwenye fremu. Bado hatujaiangalia, lakini suti yangu ya harusi nimeikuta imeanikwa nje, na shemeji ametumwa kuulizia bei ya fremu.