Daftari la maganda ya shaba

Juzi barazani hapa Lamu kijana mmoja alizungusha simu yake watu waone. Mmarekani mpenda shabaha, ambaye maganda ya risasi zake hayatupi bali huyajaza baruti upya, ameyawekea daftari kama la deni la dukani: kikasha hiki kimepigwa mara nne, shingo zimepashwa moto siku fulani, midomo imepunguzwa ikarudi kipimoni. Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja, fundi shaba, hakucheka.

Wanaocheka wana lao, nisiwaonee. Ganda likichoka hupasuka shingo, na ukiona ufa unalitupa. Kalamu ya nini? Tena hakuna idadi moja kwa wote, maana bunduki yenye chemba pana, yaani pale risasi inapokaa, huchosha ganda upesi, na baruti kali vilevile. Anayeliamini daftari kuliko macho yake ataumia nalo likiwa mkononi.

Ila hoja yote hiyo imesimama juu ya ufa unaoonekana. Ganda ni shaba nyekundu kama asilimia 70 na zinki 30. Likipigwa hutanuka, likirudishwa umbo hubanwa, na kila safari huzidi ugumu, sawa na sinia linalogongwa nyundo bila kurudishwa motoni. La shingo, sawa, utaliona. Lakini ganda hurefuka pia, na shaba ya kurefukia hutoka chini karibu na kitako, ambako ukuta huliwa kwa ndani ukafanya kijifereji cha duara. Nje linang'aa kama limetoka dukani. Wajuzi huingiza waya uliopindwa ncha, wakaukwaruza ndani taratibu; ncha ikinasa, hilo limekwisha. Lisipogunduliwa, kitako hukatika ndani ya bunduki, na moto wa baruti huweza kurudi nyuma, uliko uso wa mpigaji.

Nani atapitisha waya katika maganda 500 kila wiki? Daftari ndilo linalomwambia aanzie kikasha kipi. Na vikimwagika viwili vikachanganyika, cha mara mbili na cha mara tisa, hakuna jicho la kuvitenganisha. Hao wanaosema kila bunduki ina hesabu yake wanajifunga wenyewe: hesabu ya bunduki yako utaipata wapi usipoandika?

Huku kwetu maganda si kazi yetu. Bunduki yenyewe bila leseni ni kesi, kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Lakini shaba ni shaba. Baraza lilipovunjika nilimuuliza yule mzee kama naye huandika.

"Mimi na kalamu wapi na wapi, mwanangu," akasema, akavuta sinia la mteja lililokuwa miguuni pake, akaligeuza. Chini, karibu na ukingo, palikuwa na nukta tatu za msumari.

"Mara tatu limeingia motoni," akasema.