Vuta pumzi, halafu mpe dada Jumapili yake

Kozi ya kupumua niliyosoma hapa Dar es Salaam ni ya aina ile ambayo Art of Living, taasisi iliyoanzishwa na Sri Sri Ravi Shankar kule India mwaka 1981, imeisambaza duniani: jioni kadhaa, mikeka sakafuni, simu zimezimwa. Naipendekeza. Ila ile kazi ya nyumbani tuliyopewa, ya kumtendea wema mtu usiyemjua, nina neno nayo.

Kwanza pumzi yenyewe, maana wengi huidhania dini ya watu. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akiwa na msongo, pumzi hupanda kifuani na kwenda mbiombio. Ukivuta polepole hadi tumbo lijae, kisha ukatoa kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta, mapigo ya moyo hupungua kasi palepale. Jishike mshipa wa mkono uone, huhitaji kuamini chochote. Zoezi nililolipenda ni bhramari: unaziba masikio, unafumba mdomo, unatoa pumzi huku ukivuma kama nyuki hadi fuvu zima linatetema. Majirani watajiuliza.

Yale ya kupumua kwa kasi nayaendea kwa tahadhari. Ukizidisha, kaboni dioksidi hupungua mno mwilini, vidole vinafanya ganzi na kichwa kinazunguka. Kuna wenzangu walidhani ndiyo nguvu za kiroho zinaingia. Mjamzito, mwenye kifafa au mwenye presha aongee na daktari kwanza.

Sasa huo wema. Kesho yake watu walikuja na habari zao. Mmoja kamlipia mwanafunzi nauli ya daladala, mwingine kampelekea maji ya baridi trafiki aliyesimama juani Ubungo. Tukapiga makofi. Sibezi, lakini wema huo mtendaji hajautolea jasho: unatoa mia tano, unashukuriwa, mnaachana, basi. Na mji huu, pamoja na kelele zake, haujakosa wema wa njiani. Dondosha mzigo Kariakoo, utapewa pole kabla hujainama kuuokota.

Wakati tunapiga makofi, wengi wetu tulikuwa na mtu nyumbani aliyebaki na watoto ili sisi tuje kupumua. Dada wa kazi. Saa kumi na moja alfajiri yuko macho kuandaa watoto wa shule, saa nne usiku bado anaosha vyombo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja saa 45 za kazi kwa wiki, mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, saa 24 za kupumzika kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Kima cha chini kilichoanza Januari 2023 kwa dada anayeishi kwa mwajiri kilikuwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Ada ya kozi yetu ilipita hapo.

Wema kwa mtu unayemlipa ni mgumu kwa kuwa una gharama. Ukimpa Jumapili yake, masufuria ni yako. Na hapo ndipo pumzi inapopata kazi ya maana. Mchuzi umeungua, wageni wako mlangoni, mdomo umeshafunguka. Ukitoa pumzi moja ndefu, unapata nafasi ya kuona kwamba mchuzi uliungua wakati anamwogesha mtoto wako. "Kata vitunguu vingine, mimi nitawapa wageni juisi." Yamekwisha.

Dada wa kwetu, alipoanza kupewa siku yake, alikuwa akirudi saa sita mchana kuuliza kama kuna kazi. Mtu hazoei kupumzika kwa kuambiwa mara moja, na shoga zake walimwonya kwamba huenda anatafutiwa sababu ya kufukuzwa.

Walimu wa kozi hizi nawaomba jambo moja. Jioni ya pili, badala ya kuuliza nani kamsaidia mpita njia, ulizeni kila mmoja: msaidizi wako ana siku gani ya mapumziko? Atakayesita kujibu, kazi yake ya nyumbani ni hiyo.